Shangazi, binti yake anataka niiondoe ile picha

BARUA

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanamume wa miaka 34, nina mke na mtoto mmoja. Mchana nafanya kazi ya stoo, naandika mizigo inayoingia na inayotoka. Lakini mtu akiniuliza mimi ni nani, nitamwambia mpiga picha wa mtaani. Huu ni mwaka wa sita. Natoka nyumbani alfajiri, nazunguka katikati ya jiji kama saa moja na nusu, ndipo naenda kazini. Jioni narudia. Sipigi harusi wala picha za pasipoti. Napiga wapita njia: anayekimbilia basi, anayejitazama kwenye kioo cha duka, wawili wanaogombana wakasahau kwamba wako barabarani. Siwapangi, siwaombi. Nina picha kama elfu arobaini kwenye diski na sijauza hata kumi.

Miezi miwili iliyopita nilipata picha ambayo mtu wa kazi hii huisubiri maisha yake yote. Pale kituo cha treni kuna majengo mawili marefu, na kwa siku chache tu za mwaka jua la jioni hupita katikati yao likashuka moja kwa moja kwenye ngazi. Mwanga huo una rangi ya shaba. Unazikata ngazi kimshazari, tatu gizani, moja inawaka, tatu gizani, na vumbi linaonekana likielea hewani. Ukutani nyuma kunaanguka vivuli vya nyaya, vimenyooka kama mistari ya daftari. Niliusubiri siku nne. Siku ya nne nikapima mwanga kwenye ile ngazi inayowaka na kuviacha vivuli vyote vizame. Hapo kwenye ngazi alikuwa amekaa mama mmoja mwenye sare za ulinzi, kavua viatu, mkono kauziba mdomo, analia. Nilikuwa ng'ambo ya barabara na lenzi ya milimita 135, nikabofya mara tano, na ya tatu imetoka kali kiasi kwamba hata nembo ya kampuni begani kwake inasomeka.

Niliiweka mtandaoni usiku uleule. Ikasambaa kuliko kitu chochote nilichowahi kufanya. Baadaye msimamizi wa maonyesho ya pamoja akaiomba. Itachapishwa kwa upana wa mita moja na nusu na kutundikwa ukuta wa kwanza ukiingia mlangoni. Maonyesho yanafunguliwa wiki tatu kutoka leo. Ni mara yangu ya kwanza kutundikwa popote.

Sasa ndiyo ukaja ujumbe huu, nakunakilia ulivyo: "Habari. Yule kwenye ngazi ni mama yangu. Siku ile alikuwa ameachishwa kazi na nyumbani hakumwambia mtu. Tulijua kupitia picha yako. Aliokuwa akifanya nao kazi bado wanatumiana. Tafadhali iondoe." Basi. Hakutukana, hakutaja wakili.

Ni siku tisa sasa na sijamjibu. Tuna kundi letu la wapiga picha, nikawauliza. Wote wamesema nisiiondoe. Wanasema barabarani ni mahali pa wote, sheria inaniruhusu, na nikiondoa moja leo, kesho nitaondoa zote. Mmoja akasema kama ningemwomba ruhusa kwanza picha isingekuwepo, kwa hiyo kuomba ruhusa baadaye ni unafiki. Mke wangu alisoma ujumbe mara moja tu, akaniuliza, "Angekuwa mama yako?" Sikujibu. Naye siku hizi ana maneno, maana lenzi ile niliinunua kwa fedha ambazo tulikuwa tumepanga ziende kwingine.

Kuna jambo jingine, na hili sijamwambia hata yeye. Tangu ujumbe huo uingie, mkono umekataa. Natoka alfajiri kama kawaida, naiona picha, nainua kamera, kidole hakishuki. Juzi mzee mmoja alisimama chini ya mwavuli uliopinduka, akacheka peke yake, mita tatu mbele yangu. Nilimtazama mpaka akaondoka.

Je, niiondoe? Na mkono wangu utarudi? Nimekuambatanishia picha uione mwenyewe, maana naamini ukiiona utanielewa.

Ni mimi, wa Ngazini

JIBU

Marahaba mwanangu.

Iondoe. Iondoe leo, kisha urudi kusoma yaliyobaki. Tukija kugundua kwamba tumekosea, kuirudisha ni kazi ya dakika moja. Kila siku inayokaa pale ni siku nyingine ya mtu kutumiwa sura ya mama yake kwenye simu, na hiyo hairudishiki.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu mkononi. Mwanga wa jioni ile umeuandikia sentensi sita. Nimeuona, nimeona vumbi, nimeona nyaya. Mama umempa sentensi mbili, na ya pili inasifu lenzi. Sikulaumu. Nilifanya kazi kwenye chumba cha giza miaka 29, nikiwasafishia filamu watu wa aina yako, na ninawajua: mtu akifukuza mwanga siku nne, chochote kitakachokaa ndani yake anakiona ni zawadi yake. Lakini ukitaka kujua kwa nini kidole hakishuki, anzia hapo kwenye hesabu ya sentensi. Nitairudia.

Kwanza hao rafiki zako. Wanasema sheria inakuruhusu. Inategemea umesimama nchi gani, na hata ukiwa ndani ya nchi moja, inategemea umeifanyia picha nini. Kule New York, mpiga picha Philip-Lorca diCorcia alifunga taa juu ya njia ya watu pale Times Square kati ya 1999 na 2001, akawapiga wapita njia kwa mbali bila wao kujua. Mmoja wao, mzee mshika dini, alikuja kugundua kwamba sura yake imetundikwa na inauzwa, akaenda mahakamani. Mwaka 2006 jaji aliitupa kesi kwa kusema kwamba hiyo ni sanaa. Rafiki zako wangeshangilia. Lakini vuka mpaka uingie Kanada: huko Quebec msichana wa miaka 17 alipigwa picha akiwa amekaa kwenye ngazi za jengo (ndiyo, ngazi tena), picha ikatoka kwenye jarida la sanaa bila kibali chake, na mwaka 1998 Mahakama ya Juu ya Kanada ikampa haki yeye. Alilipwa dola 2,000. Hakuwa analia wala hakuwa amefanya lolote la aibu. Alikuwa amekaa tu.

Ila kesi inayokuhusu wewe hasa ni ya Ujerumani. Mpiga picha mmoja alimpiga mwanamke anayevuka barabara mjini Berlin, na picha ikawekwa kwenye maonyesho ya nje, kwenye bango la zaidi ya mita moja kando ya barabara yenye pilika. Ilifika hadi Mahakama ya Katiba, na 2018 mahakama hiyo ikakubali waziwazi kwamba picha za mtaani ni sanaa na zinastahili kulindwa. Hata hivyo haikuutengua uamuzi wa mahakama za chini, zilizokuwa zimempa haki mwanamke, kwa sababu ya ukubwa wa lile bango na mahali lilipowekwa. Kupiga ni jambo moja, kutundika ni jingine. Ile yako ina upana wa mita moja na nusu, ukuta wa kwanza, mlangoni.

Sheria ya kwenu siijui kama wakili anavyoijua, na wala sidhani ndiyo uliyoniandikia. Mtu anayeamini kwamba sheria imemmalizia mambo hakai siku tisa bila kujibu ujumbe.

Hoja yao ya pili, kwamba ukiondoa moja utaondoa zote. Hebu piga hesabu wewe mwenyewe, kazi yako ni ya stoo. Miaka sita, picha elfu arobaini, maombi mangapi? Moja. Ukiendelea kwa mwendo huo utafika uzeeni hujaondoa hata kumi.

Na ya tatu, kwamba kuomba kungeiua picha. Hapa kuna ukweli, siukatai. Kuna picha ambazo ukifungua mdomo tu zimeshapotea. Kazi hii ilianza hivyo tangu mwanzo. Mwaka 1838 Mfaransa Daguerre, mmoja wa waanzilishi wa kazi hii, alielekeza kamera dirishani juu ya barabara moja ya Paris. Barabara ile ilikuwa na watu na magari ya farasi, lakini bamba lake la shaba lililopakwa fedha lilihitaji dakika kadhaa kushika picha, kwa hiyo wote waliokuwa wanatembea walifutika. Akabaki mmoja, aliyesimama kusafishiwa viatu. Ndiyo inayotajwa kuwa picha ya kwanza yenye mtu ndani yake, na mtu huyo hakuulizwa, na jina lake hatulijui mpaka leo. Alishikwa kwa sababu alitulia. Mama yako wa ngazini naye alishikwa hivyohivyo.

Lakini wasikudanganye kwamba waliotangulia hawakuwahi kuomba. Fan Ho wa Hong Kong, mnamo 1954, alimsimamisha binamu yake wa kike kando ya ukuta mweupe, na kile kivuli kikubwa cha pembetatu kinachomkaribia alikiongeza chumba cha giza. Nilipolijua hilo nilicheka peke yangu, maana kwa miaka mingi nilikuwa nimewaambia vijana waende wakausubiri mwanga kama ule. Doisneau naye, lile busu lake maarufu la Paris la 1950 ambalo dunia nzima iliamini kwamba alilinasa njiani: ilipofika miaka ya tisini na watu wakaenda mahakamani wakidai ni wao, ndipo akasema kwamba alikuwa amewaomba wanafunzi wawili wa uigizaji. Picha haikufa. Ninachosema ni kwamba anayetaja kanuni za wazee wa kazi hii awataje wote.

Na wale walioficha kamera kweli, mtazame Walker Evans. Kati ya 1938 na 1941 alipanda treni za chini ya ardhi za New York na kamera ndani ya koti, lenzi ikichungulia kati ya vifungo, akawapiga watu waliokaa mbele yake wakiwa wamechoka na nyuso hawazilindi. Kitabu cha picha hizo kilitoka 1966. Wewe uliiweka ya kwako usiku uleule, mama bado hajapata maneno ya kuwaambia wanawe.

Sasa nikueleze jambo ambalo sijawahi kuliandika kwenye safu hii.

Mwaka wangu wa nne kazini alikuja mteja tuliyemheshimu sana, mpiga picha wa mtaani kama wewe, akaleta filamu tatu. Nikasafisha, akachagua, nikaanza kuchapa. Hujui chumba cha giza wewe, umekuja wakati wa diski, kwa hiyo nikueleze. Karatasi inaingia kwenye beseni la dawa ikiwa nyeupe kabisa. Unaitikisa polepole chini ya taa nyekundu. Sekunde kumi, kumi na tano, hakuna kitu. Halafu weusi unaanza kupanda wenyewe kutoka chini, kile kilicho cheusi zaidi hutangulia. Zilitangulia nywele. Kisha kivuli cha ukuta. Kisha ukingo wa sikio, na sikio hilo lilikuwa na pengo juu, mahali ambapo mbwa alimng'ata kaka yangu akiwa na miaka sita.

Nilimjua kwa sikio kabla uso haujatokea. Ulipotokea, alikuwa amelala juu ya maboksi nyuma ya stesheni, mdomo wazi, mchana kweupe. Nyumbani alikuwa ametuambia ameajiriwa ofisini.

Nilifanya nini? Nikaihesabia muda. Nikaitoa kwenye dawa, nikaipitisha kwenye beseni la pili na la tatu, nikaiosha, nikaianika. Ilikuwa picha nzuri. Mteja akanisifu jinsi nilivyovitoa vivuli. Ikawekwa kwenye dirisha la studio, ikakaa karibu mwaka mzima, na mimi nikipita mbele yake kila asubuhi nikienda kufungua mlango. Ningeweza kumwambia. Alikuwa mtu mwema, nadhani angeitoa siku hiyohiyo. Sikusema kwa sababu niliona haya, na kwa sababu ilikuwa kazi. Kaka yangu akaja kuiona. Siku gani sijui; tuliona tu kwamba ameacha kuja nyumbani. Aliporudi, baada ya muda mrefu, hatukulizungumza, na hatujalizungumza mpaka leo.

Kwa hiyo unisamehe nikikwambia kwamba huyo binti amefanya nilichoshindwa mimi. Kuandika ujumbe ule, kwa mtu asiyemjua, bila tusi, ilimgharimu. Siku tisa ni nyingi.

Mjibu hivi, au kwa maneno yako yanayofanana: "Dada, habari. Mimi ndiye niliyempiga picha mama. Nimeiondoa kila mahali nilipoiweka. Nimechelewa kukujibu na sina sababu nzuri. Ilikuwa itundikwe kwenye maonyesho, nimeomba isitundikwe. Mama akitaka kuzungumza nami, au akitaka kitu chochote kuhusu picha hiyo, nipo. Asipotaka, sitamtafuta." Usiongeze neno la sheria. Usiseme "samahani kama nimewakwaza", hilo "kama" linamrudishia yeye mzigo. Usitoe fedha, itaonekana unanunua. Na katika ujumbe huo wa kwanza usiombe ruhusa ya kuitumia, hata kwa kuzunguka. Utajaribiwa. Utataka kuandika kwamba ni picha nzuri sana na imeheshimiwa. Ameshaiona.

Ona kwamba mlango nimeuacha wazi kwa mama mwenyewe. Mpaka sasa umemsikia binti. Huenda mama hataki hata kuisikia, huenda ana mawazo mengine kabisa. Watu wazima wana mambo yao ambayo watoto wao hawayajui. Akikutafuta yeye, mchapie nakala ya karatasi, ndogo, ya kutosha kuingia droo, umpelekee kwa mkono wako. Kitakachozungumzwa hapo mtakijua nyinyi wawili.

Kuna kazi moja ambayo binti hawezi kuifanya na wewe unaweza. Picha imeshatoka mikononi mwako, iko kwenye kurasa za watu. Yeye akiwaandikia wenye mitandao kwamba huyu ni mama yangu, wanaweza kumzungusha. Wewe ndiye mwenye hakimiliki. Mitandao mikubwa ina fomu ya mwenye picha kudai kazi yake iondolewe, na fomu hizo huwa zinafanyiwa kazi. Kaa jioni mbili, tafuta picha yako kwa kutumia picha yenyewe, kila unapoikuta jaza fomu. Za kwenye makundi ya simu hutazifikia, hizo ndizo hizo. Lakini mwambie binti ni kurasa zipi umezimaliza.

Msimamizi wa maonyesho mpigie simu kesho asubuhi. Kwa wiki tatu bado anaweza kubadilisha, kwa siku tatu atakuwa ameshachapa na atakuwa na haki ya kukukasirikia. Mpelekee nyingine mbili za kuchagua. Usikubali wazo la kuufunika uso kwa ukungu, maana atalitoa, karibu wote hulitoa. Uso uliofunikwa hugeuka uso wa mshitakiwa, na nembo ya begani bado itasema mwenye uso ni nani. Akikwambia basi hakuna nafasi yako, itakuuma, nami sitakuambia kwamba haitauma.

Faili lenyewe usilifute. Hakuna aliyekuomba ulifute. Liweke pembeni. Wewe bado kijana.

Sasa mkono. Unauita ugonjwa, mimi naona umeanza kuhesabu watu kabla ya mwanga, na kidole hakijazoea. Mpiga picha wa mitaa ya Marekani, Garry Winogrand, hakuwahi kupata shida yako. Alipofariki mwaka 1984 aliacha filamu karibu 2,500 alizopiga na hazikusafishwa. Zidisha kwa 36 upate picha elfu tisini ambazo mwenyewe hakuziona. Nikifikiria mabeseni ya kazi hiyo mgongo unaniuma. Wewe una elfu arobaini, na ningeweka dau kwamba nusu yake hujazifungua tangu siku ulizozipiga. Basi wiki hizi ambazo kidole hakishuki, kaa nazo. Chagua ishirini, zichape karatasini hata kwa mashine ya kawaida, zitandaze sakafuni mtoto akilala. Mwite mkeo azitazame, unyamaze. Anaweza kuuliza huyu ni nani, huyu alikuwa anakwenda wapi. Mengi hutakuwa na jibu.

Halafu iache nyumbani ile lenzi ya 135. Sisemi uiuze, ingawa mkeo atakushukuru. Kwa milimita 135 ukiwa ng'ambo ya barabara unampata mtu bila yeye kukupata. Chukua ya milimita 28, inayoona upana. Weka tundu la lenzi kwenye f/8, funga umbali kwenye mita mbili na nusu, acha kutafuta fokasi: kuanzia kama mita moja na nusu mpaka kumi mbele yako kila kitu kitakuwa kikali. Mchana wenye mawingu panda ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga, hadi 800 ili kasi ya shata ibaki kwenye 1/500 ya sekunde. Kwa lenzi hiyo, ili mtu aijaze picha lazima umkaribie mpaka akuone. Atakutazama. Wengine watatabasamu, wengine watatikisa kichwa, na ukitikisiwa kichwa shusha kamera. Sikuambii kwamba ukaribu ni utakatifu. Bruce Gilden huwakaribia watu mpaka puani na kuwawashia flashi, na Helen Levitt, ambaye picha zake za watoto wa mitaa ya New York nazipenda kuliko za mtu yeyote, alifunga kifaa kilichomwezesha kutazama upande mmoja huku kamera ikipiga upande mwingine. Nakushauri wewe, kwa tatizo ulilonalo. Yule mzee wa mwavuli alikuwa mita tatu, na hukupiga. Nadhani ni kwa sababu uliona kwamba angekuona.

Kuhusu fedha nitasema machache, mkeo ameshasema mengi. Vivian Maier aliishi kwa kulea watoto wa watu, akapiga zaidi ya picha laki moja, na dunia ikamjua tu kwa sababu vitu vyake vilipigwa mnada mwaka 2007 kwa deni la kodi ya ghala. Naye hakuulizwa kama anataka zionekane. Saul Leiter aliishi kwa picha za mitindo. Winogrand alipiga za matangazo, akafundisha. Mtaa haulipi. Kazi ya stoo usiiache, na lenzi nyingine mnunue mkishakubaliana.

Picha uliyoniambatanishia sijaifungua. Niliona jina la faili, nikaona ukubwa wake, nikaiacha. Ukiniandikia kwamba mama amesema sawa, nitaifungua.

Shangazi